Kipimo cha Shingo

Wiki ya mwisho ya Agosti, Katuba ni vumbi tupu:
vumbi jekundu mlangoni, juu ya cherehani, ndani ya chai.
Akina mama wananipangia foleni
na vitambaa viwili mkononi, nyeupe ya juu, bluu ya chini.
Jumatatu shule inafunguliwa.

Mimi hupima shingo kwanza.
Mafundi wengine huanza na kifua, shauri yao.
Shingo ya mtoto haidanganyi:
iliyolala njaa naijua kwa kidole,
na iliyoshiba bukari,
na ile inayonywea mkono wa mtu mzima ukisogea.

Akaletwa Umba wa Masengo, miaka saba,
akiburutwa, macho kayafumba
kama aliyemulikwa kurunzi.
Na mlango wangu unatazama uani, hauna jua.
"Malaria kidogo," mama yake akasema.
"Kichwa tangu jana. Katapika njiani.
Nimempa nusu kidonge. Wewe pima tu."

Nikazungusha futikamba.
Joto lake likanifikia kabla ya ngozi.
Umba, tazama viatu vyako.
Hakutazama.
Nikadhani ukaidi. Basi weka kidevu kifuani,
hivi, kama mbuzi anayekula.
Akajaribu. Kiwiliwili kizima kikainama,
shingo ikabaki wima kama mpini wa jembe,
na akatoa sauti
ambayo nilikuwa nimeisikia mara moja tu.

Kwa kaka yangu Banza.
Mchana tulisema malaria.
Usiku akazungumza na ukuta, tukasema mashetani.
Alfajiri hatukuwa na la kusema.

Nikatema pini zote mezani.
Nikachukua bilauri, nikaigandamiza pajani mwa mtoto
penye madoa ya zambarau, kama wino uliodondoka.
Ngozi ikapauka chini ya kioo. Madoa hayakufutika.
Na hata yasingekuwapo tungeondoka vilevile,
kwa maana ugonjwa huu haulipi dalili zake zote kwa mkupuo,
na anayengoja zitimie
hungoja na sanda.

Pikipiki moja, watu wanne. Foleni nimeiacha mlangoni.

Hospitalini wakataka maji ya uti wa mgongo.
Masengo akamkumbatia mwanawe: hapana!
Avenyu nzima inajua sindano ile inalemaza.
Muuguzi Kalenga hakupandisha sauti.
"Kinacholemaza ni ugonjwa, mama.
Sindano inauliza jina lake tu."
Yale maji huwa maangavu kama ya chupa.
Ya Umba yalitoka kama uliyooshea mchele.

Dawa ikaingia mshipani usiku uleule.
Nyumbani, wote waliolala naye chumba kimoja,
waliokunywa naye kikombe kimoja,
wakapewa vidonge hata wale waliokuwa wakicheka, wazima.
Mimi sikupewa. Nimeshika shingo tu, wakasema, haitoshi.
Nikarudi nikafungua madirisha yote mawili,
vumbi liingie likitaka, na hewa nayo ipite.

Chanjo ilikuwa imepita mtaani kwetu mwaka uliotangulia.
Siku hiyo Masengo alikuwa akiuza makala.
Sikumuuliza. Nilimwona
akimkokota yule mdogo, Twite, kwenye kituo cha chanjo
kabla hata hawajafungua lango.

Umba alirudi kwangu Novemba.
Mvua ya kwanza ilishalaza vumbi.
Shingo imepungua sentimita mbili,
na sikio la kushoto halisikii tena;
ukimwita hukugeuzia lile la kulia
taratibu, kama mtu mzima anayetafakari bei.
Nikafumua kola, nikaishona upya. Sikutoza.

Sasa kila mtoto anayesimama mbele ya futikamba yangu
namwambia: tazama viatu vyako.
Mama zao hudhani nakagua rangi ya viatu.
Wengine huinama haraka, wakavifuta kwa mate.
Nawaacha wafute.
Mimi natazama kidevu kinashuka,
kinashuka, kinagusa kifungo cha kwanza,
ndipo naandika namba.