Makopo Matano

Nilisema makopo matano, ya lita nne nne.
Nilisema bila kutazama hata kimo cha ukuta,
kama mtu anayetaja jina la babake.
Matatu yangebaki pale. Mawili yalikuwa na safari yao,
jioni, nyuma ya baiskeli, kwenda Pasua,
kwenye mlango wangu uliobabuka.

Mama Aikande hakubisha.
Miaka ishirini na minane alisoma mizani
kiwanda cha kukoboa kahawa, hapa hapa Moshi,
na magunia mengi yalijaribu kumdanganya.
Alichomoa penseli kwenye kilemba
akaandika palepale, juu ya plasta:
tano na nne, tisa. Mara mbili, kumi na nane.
Kimo mita tatu: hamsini na nne.
"Mlango unapaka?"
Hapana, mama.
"Basi toa. Na madirisha?"
Nikatoa. Sauti nayo ikawa inatoka kidogo kidogo.
Arobaini na nane nukta sita.
Mara mbili, kwa sababu tunapaka mara mbili.
Gawa kwa kumi, maana kopo lenyewe limeandikwa:
lita moja, mita kumi za mraba.
"Lita kumi hazifiki, Ndetaramo.
Matatu yanatosha na tone la kuonja.
Yale mawili yalikuwa ya ukuta gani?"

Nikaenda kushika ngazi.

Ila penseli haikujua jambo moja:
plasta mpya ina kiu.
Mkono wa kwanza ukuta ulikunywa
kama wajomba kwenye mbege,
lita saba, na bado ukakauka midomo.
Mama akatazama makopo, akanitazama mimi.
Nikaapa. Akaweka kiganja ukutani, kikatoka kikavu.
"Kumbe hata ukuta una cha juu," akasema,
akacheka mpaka akaketi juu ya mfuko wa saruji.

Mkono wa pili ulikwangua kopo la tatu
hadi bati likalia.
Nyuma ya kabati, jua la saa kumi likiingia,
ile hesabu bado inaonekana chini ya krimu.
Nilitaka kuirudia. Amekataa.

Jana nimeupima mlango wangu.
Mita mbili kwa tisini, pande zote, mara mbili:
lita moja haijai.
Nilikuwa nimebeba nane kichwani.
Hata wizi wangu sikuupima.
Leo nimepita dukani Kiusa, nikaulizia kopo dogo.
Wanalo.