Kutoka Themanini na Moja

Nilimwambia Fermín: kazi yako kuhesabu,
usiniulize kitu, usinipe mate, hesabu tu.
Tulikuwa Rodeo, juu ya bwawa la Cuesta del Viento,
upepo umetulia kwa mara ya kwanza tangu Jumapili,
jua la Julai limeinamia mgongo wa Andes
kama mtu anayetafuta ufunguo alioangusha.

Nimepiga eksirei miaka ishirini na tisa.
Najua kuwaambia watu: vuta pumzi, bana, usitikisike.
Siku ile nilijiambia mwenyewe.
Stendi nimeizika nusu mchangani, nimeitundikia mfuko wa mawe,
betri ya akiba naipasha joto kwapani.
Jirani yetu Doña Eduviges alishafungia kuku,
asije jogoo akawika mara mbili siku moja.

Mwanga ukawa wa bati.
Nikatoa kichungi.

Kikaja kivuli mbio, kikalamba lote bonde,
mbwa kameza kilio, baridi ikawa konde,
nikabaki ni sikio, kidole kisema chonde:
moja, mbili, tatu, nne, sauti ikikatika.

Sikutazama.
Hilo ndilo nililotaka kusema, na nimechelewa kulisema.
Dakika mbili na ushee za usiku wa mchana
nilizimaliza nikikagua namba:
sehemu ya elfu ya sekunde, ya mia, nusu, sekunde nne.
Fermín, miaka kumi na mmoja, aliacha kuhesabu kwenye themanini.
Nikamgombeza. Alikuwa ameinua uso, mdomo wazi,
na jua lilipochungulia upande wa pili
alisema neno moja: "Manyoya."

Nyumbani nilikuta picha arobaini na moja,
hakuna hata moja yenye manyoya.
Ya haraka ilishika ndimi nyekundu ukingoni, kwingine kote lami.
Ya polepole ilikuwa maziwa yaliyofurika,
ingawa ndani ya duara jeusi, ukikaza macho,
zilionekana bahari kavu za mwezi, zikimulikwa na dunia, nasi humo.
Kila picha shahidi mkweli aliyesimama mahali pabaya.

Nikaanza kuzilaza moja juu ya nyingine.
Nilikosea miezi mitano: nililinganisha mwezi na mwezi,
kumbe mwezi ulikuwa njiani. Ukiung'ang'ania, taji linavurugika.
Uache uende zake, ushike nyota moja hafifu kule pembeni.

Mwaka ule neno korona lilikuwa bado la jua.
Majira ya baridi yaliyofuata likaingia hospitalini kwa miguu.
Mchana mapafu: vuta pumzi, bana. Hawakuweza kubana.
Ukungu ule ule mweupe, palipotakiwa weusi.
Doña Eduviges nilimpiga mara tatu.
Ya nne haikuhitajika.

Usiku nilinawa mikono hadi viwikoni, nikafungua kompyuta,
nikapunguza mwangaza kidogo kidogo,
kama unavyopuliza vumbi juu ya unga usipeperushe unga.
Sikutafuta maana. Nilitafuta pa kuweka macho.

Fermín alikuja ana miaka kumi na minne, sauti imeshavunjika.
Nikamwonyesha: nyuzi zimetoka kila upande,
nyembamba, kali, unaweza kuzihesabu.
Akatazama kwa muda mrefu. "Ndiyo," akasema,
"lakini haikuwa na makali hivi. Ilikuwa laini, shangazi.
Ungedhani ukiigusa italala."

Nikafuta kazi ya wiki mbili.
Hatua moja nyuma, nyingine, nyingine,
mpaka makali yakaondoka na kitu kikapumua kwenye kioo.
Hakusema kama ndicho.
Alivuta kiti, akaketi karibu nami gizani,
akaanza, polepole, kwa sauti yake mpya:
themanini na moja,
themanini na mbili.