Mko Wangapi?

Kijana wa mapokezi aliuliza, "Mko wangapi?"
akichungulia nyuma yangu, mlangoni,
kana kwamba wenzangu wamebaki nje wakikunja mwavuli.
Ni mimi tu, nikamwambia.
Akaandika moja, akairudia kwa kalamu ikakolea,
kisha akanipa chumba chenye taulo mbili, mito miwili,
na visabuni viwili vidogo kama meno ya mtoto.

Takawiri, Jumanne. Likizo ya siku tano
niliyoilimbikiza miaka sita
nikipiga hesabu za maziwa ya ushirika kule Njoro.
Kazi yangu ni maziwa, ndiyo,
lakini yale ya kunywa.

Kwetu Nakuru ziwa ni la kutazama.
Unasimama ukingoni na viatu vyako,
magadi yanakuwasha pua,
heroe wamesimama mguu mmoja mmoja
wala hakuna anayekuuliza kama unajua kuogelea.

Apondi ana miaka kumi na minne na sauti ya mwalimu mkuu.
Ubao wake kaka yake aliuchonga
kutoka mlango wa jokofu la samaki lililokufa.
Rangi ya zamani bado inasomeka: BARI.
DI sijui ilikwenda wapi.
"Asubuhi ziwa limelala," alisema. "Ngoja saa tisa, upepo ugeuke."

Nikangoja. Nikala ngege mzima peke yangu, hadi jicho.
Saa tisa maji yakaanza kujikunja,
si mawimbi ya kwenye kalenda;
mafupi haya, ya kahawia, yenye haraka,
yakisukumana kama foleni ya benki mwisho wa mwezi.

Kwanza mchangani. Lala. Sukuma. Ruka.
Nikalala kifudifudi juu ya BARI,
mtu mzima wa miaka hamsini na miwili,
nikipiga makasia hewani kwa mikono
mbele ya mbuzi wawili
na mama aliyekuwa akianika omena, akaacha kuanika.

Kisha majini.
Mara ya kwanza ubao ulikwenda, mimi nikabaki.
Mara ya pili nilikwenda, ubao ukabaki.
Mara ya tatu tulikwenda sote, chini.
Ya nne sitaki kuieleza,
ila gugu maji lilinivika taji
na mama wa omena akapiga kigelegele.
Ya saba. Ya nane. Nilimeza ziwa:
lina ladha ya sufuria iliyolala bila kuoshwa.
Maji yakaingia sikio la kushoto
yakakaa humo kama mpangaji asiye na kodi.

"Unatazama miguu yako," Apondi akafoka. "Miguu haipotei!
Tazama unakokwenda."
Nilikokuwa nikienda kulikuwa na mbuzi.
Nikamtazama mbuzi.

Wimbi nililisikia kwa sikio moja.
Lala. Sukuma,
na kuruka sikuruka, niliinuka
vile ninavyoinuka kanisani, goti hili, kisha lile,
lakini niliinuka.
Ziwa lote likawa linakimbia chini ya nyayo zangu
nami nimepinda, makalio nje,
mikono kama ya mtu aliyebeba sahani mbili za moto,
na Apondi anahesabu kwa sauti, achiel, ariyo,
na ile a ya adek

mbuzi akakimbia.

Usiku dada yangu Taprandich alipiga simu.
"Uko na nani huko?"
Nikasema, nina ziwa sikioni.
Akasema mtandao mbovu, hebu rudia.
Sikurudia.

Mabega yaliniuma mpaka nikakosa upande wa kulalia.
Nikageukia kushoto, kwenye mto wa pili,
ule ambao sikuwa nimeugusa,
na mnamo saa nane kitu kikafunguka ndani ya kichwa, tep,
maji yakatoka,
vuguvugu, kama kijiko kimoja hivi.
Nikatulia tuli hadi yakaisha.
Mto sikuugeuza.