Namba Arobaini na Moja

Mzee Elinami alikileta kinanda kimefungwa shuka la hospitali,
akakilaza juu ya meza yangu hapa Kiusa,
akasema: kinalia njaa.
Kweli, kioo kiliandika betri iko chini,
kwa herufi za kijani, kila baada ya dakika.

Betri yenyewe ni kidude tu, kama sarafu ya mia mbili.
Lakini ndiyo iliyoshikilia sauti sitini na nne
tangu bendi ilipokuwa ikipiga Majengo kila Jumamosi,
na ukiitoa, hata kwa pumzi moja,
zote zinaondoka bila kuaga.

"Basi zihamishe kwanza,"
kama mtu anayesema anua nguo, mvua hiyo.

Nikatoa kebo. Miguu mitano kichwani:
mitatu inafanya kazi,
miwili ipo ipo tu, kama wajumbe wa kamati ya harusi.
Nikaanza kwa kukosea. Nikachomeka ingia kwa ingia,
mashine mbili zikatazamana, zote zinasikiliza,
hakuna inayosema.
Toka iende ingia, mama. Miaka kumi na mbili ya ufundi.

Zikaenda, zikakwama kwenye ya tisa.
Kiunganishi changu cha bei chee, cha kutoka Arusha,
kinabwia haraka kuliko kinavyomeza.
Nikapunguza mwendo. Nikaweka kituo kati ya furushi na furushi,
kama zamu za mfongo kule kwetu Mbokomu:
leo maji kwa Ngowi, kesho kwa Temu,
na anayefungua kabla ya zamu yake
atakuta watu wanamsubiri na majembe.

Mzee akainamisha sikio kwenye waya.
Humu hamna sauti, nikamwambia.
Humu kuna hesabu: mlango ufunguke kiasi gani,
noti ichelewe vipi kufa.
"Kwa hiyo tarumbeta yangu haimo?"
Imo namna ya kuipika.
Akafikiri.
"Kama mtu aandike mtori kwenye karatasi."
Ndiyo.
"Karatasi hailiwi."

Majina yakapita kiooni, herufi nane, zaidi haziingii:
FILIMBI2. MVUA BTI. SHEMEJI. KENGELE. USIFUTE.
Shemeji ni nani, hakueleza. Sikuuliza.

Nikahifadhi mara mbili, moja kwenye kompyuta,
moja kwenye flashi niliyoitia ndani ya kopo la kahawa.
Ndipo nikashika chuma cha moto.
Kinanda kilipowaka tena, majina yote yalikuwa
vijisanduku na mikwaju.
Mzee hakutazama. Alikuwa anasoma kalenda ya duka la mbolea,
ya mwaka juzi, mwezi kwa mwezi.

Nikarudisha. Toka yangu, ingia yake, taratibu.
Sitini na tatu zikafika.
Arobaini na moja ikakataa: jumla ya mwisho haikulingana,
tarakimu moja imeanguka njiani,
mahali fulani kati ya Kiusa na Kiusa.
Jina lake lilikuwa KIKAFU.

"Hiyo hata sikuwa naipenda," akasema,
akanihesabia noti, akafunga shuka fundo mbili,
akafika mlangoni.
Akasimama pale muda wa kutosha pikipiki tatu kupita.

Akarudi. Akafungua fundo.
"Zima feni, fundi."
Nikazima. Mchomelea vyuma wa jirani naye akanyamaza,
labda alikuwa anakula.
Mzee akabonyeza noti moja ya chini kabisa, akaishikilia,
akasogeza kitelezi unene wa ukucha,
akasikiliza, akatikisa kichwa, akarudisha nusu yake.
"Ilianza na kokoto," akasema, wala si kwangu.
"Maji yalikuja baadaye."