Saa Mia Mbili na Kumi na Nne

"Una saa ngapi?" akauliza Annelie Strauss,
macho yake kwenye ratiba ya ukutani,
nami nusura nitazame mkono.
Mia mbili na kumi na nne, nikasema.
Akacheka kwa pua, bila ubaya.
"Rudi ukiwa na mia tano. Au rudi Alhamisi,
lolote litakalotangulia."

Nikarudi Alhamisi.

Hii ni Maun, mwisho wa Machi.
Mbuzi wanavuka barabara ya uwanja wa ndege
kama wenye tiketi.
Joto limekaa juu ya mabati ya hanga,
sisi tumekaa chini yake, tisa,
mashati meupe yamepigwa pasi kwa sufuria ya moto:
Joost aliyeuza pikipiki yake Antwerp,
Mthabisi wa Bulawayo, na viatu vya harusi ya kaka yake,
Hine wa Rotorua, anayejua jina la kila mbwa mjini,
na mimi, Lerotholi, wa Mokhotlong,
ambako blanketi ni vazi la mwaka mzima.

Asubuhi tunabisha hodi milango ile ile.
Jioni tunahesabu pula zilizobaki.
Hakuna kazi bila saa, hakuna saa bila kazi.
Duara hili halina pa kutua.

Basi naosha ndege.
Nabandua wadudu waliokaukia kwenye mbawa,
nasukuma mapipa, nabeba vitunguu,
karatasi za chooni, mashuka ya wageni
watakaolipa kwa usiku mmoja
zaidi ya ada yangu ya muhula.
Daftari la rubani lina safu ya mchana, safu ya usiku,
safu ya injini moja, safu ya injini mbili.
Safu ya kungoja hawakuichora.

Baba naye alikuwa na kijitabu.
Miaka ishirini na mitatu chini ya ardhi ya Welkom,
kila zamu muhuri mmoja wa zambarau,
mpaka kifua kikaikataa hewa.
Fidia ilipofika hakununua kondoo.
Alinisukumia bahasha mezani:
"Mmoja wetu na aende juu."

Usiku, kambini, Joost akaninong'oneza:
ongeza hamsini, nani atahesabu?
Kalamu ni ndege isiyotaka mafuta.
Nikaandika tarehe.
Mtoni viboko walikuwa wanakohoa,
kikohozi ninachokijua.
Nikaifunga kalamu.
Tarehe ile ingali pale, peke yake, haina safari.

Alhamisi ya tano Gaolathe aliamka na malaria.
Annelie akasimama mlangoni, akatutazama wote.
"Nani jana aliosha ile ya mkia wa njano?"
Mimi.
"Ina nini?"
Skrubu mbili zimelegea kwenye kifuniko cha injini.
Tairi la kushoto limelika upande wa ndani.
Kimya. Kisha: "Panda. Usiguse kitu mpaka nikuambie."

Nilikuwa nimeisoma delta kwenye ramani
kama mtu asomaye barua ya mwingine.
Sasa maji yalikuwa yanaandika chini yangu,
yanafuta, yanaandika tena,
na Annelie akaondoa mikono kwenye usukani
kama anayeepua chungu.

Kiwanjani palikuwa na tembo watatu.
Tukapita chini, wakasogea kwa kujivuta,
kama wapangaji waliokumbushwa kodi.
Nikazunguka, nikashuka, nikatua.
Kisha nikatua tena. Kisha tena.
"Tatu," akasema. "Nitakuandikia moja."

Kuhusu kazi hakusema kitu.
"Alhamisi," akasema, akaingia ofisini.

Dakika arobaini na mbili, kwa wino, sahihi yake pembeni.
Nikampigia baba.
Akavuta pumzi, nikaisikia ikipanda
ngazi baada ya ngazi, mpaka ikafika:
"Huko juu hewa ikoje?"
Nikamwambia ipo, ipo tele,
na nusura nimwombe radhi.