Mstari Mwekundu

Malipo ya mnada wa pili yaliingia Jumanne,
na Jumatano baba Somoe akasema: twendeni.
Si bati mwaka huu. Si saruji. Twendeni tu.
Nikamgusa paji la uso kupima homa,
lakini Somoe alikwishasikia,
na neno likisikiwa na mtoto wa miaka saba
halirudi tena ghalani.

Basi la alfajiri. Ukungu wa Newala
ukatusindikiza hadi Tandahimba,
ukachoka, ukageuka.
Nanyamba, Shaweji akatapika ndani ya mfuko wa mihogo,
mihogo ikiwa bado imo.

Michezo ilikuwa imekuja Mtwara kwa wiki tatu,
vyuma vya kusafiri, vilivyoshushwa kwenye lori
na kukazwa bolti watu wakitazama:
treni yenye uso wa kiboko,
vikombe vinavyozunguka bila chai,
kasri la mpira lililoshiba upepo,
na katikati gurudumu,
refu kupita mnara wa msikiti wetu.

Penye lango lake, ubao. Kwenye ubao, mstari mwekundu.
*Asiyefika hapa hapandi.*
Somoe akafika, na ukucha mmoja wa ziada.
Shaweji akasimama kwa vidole, akavuta shingo,
akabana pumzi kana kwamba pumzi ni urefu.
Kijana wa lango akamshusha taratibu kwa kiganja:
"Mwakani, mjomba."
Mwakani ni mbali mno ukiwa na miaka minne.

Basi baba ndiye akapanda na binti yake.
Mume wangu huyu hubeba pampu ya salfa kutwa nzima,
aliwahi kuua swila kwa ndara.
Nikamwona ameng'ang'ania chuma kwa mikono miwili,
macho kayafumba kama anayengoja sindano.

Wakapanda. Wakashuka. Wakapanda.
Umeme ukakatika.

Umeme! Na gesi inachimbwa Msimbati, hapo tu.
Muziki ukafa katikati ya neno.
Kasri likalegea, likapiga magoti,
likawatema watoto mmoja mmoja kama kokwa za zambarau.
Na gurudumu likasimama,
wangu wawili kileleni kabisa.

"Msisogee!" nikapiga kelele,
kana kwamba walikuwa na pa kusogea.
Jenereta lilikuwepo. Dizeli ndiyo ilifuatwa kwa bodaboda.
Dakika ishirini. Nilizihesabu kwa karanga,
nyingine nikimpa Shaweji, nyingine nikizisahau mkononi
hadi zikalowa.

Ndipo ikanishukia sauti ya Somoe, nyembamba:
"Baba, fumbua. Ule ukungu wa Shimo la Mungu
umetutangulia huku. Umelala chini.
Umekuwa wa bluu."

Hakuwa ameiona bahari tangu azaliwe.

Kisha kimya.
Kisha kicheko cha mwanamume
ambacho sikukisikia tangu ule mwaka korosho zilipotuozea.
Alimwambia nini, akajibiwa nini, sijui.
Nimeuliza mara mbili.
Wanatazamana tu.

Usiku, nyumba ya wageni, Shaweji alifungua bomba,
akalifunga, akalifungua,
maji yakiitika kila alipoyaita,
bila ndoo, bila foleni, bila mia mbili.
Nikasema acha.
Sikusema kwa nguvu.

Nyumbani jirani akauliza mmeona nini huko.
Somoe: "Bahari, kutoka juu."
Baba yake akakohoa, akaenda kutazama mbuzi.
Shaweji: "Bomba."
Nikaiwaza ile nauli, kwenda na kurudi, watu wanne.

Leo asubuhi nimekuta alama ya mkaa kwenye mwimo wa mlango,
mstari uliopinda,
chini kidogo ya kidevu chake.
Amesimama hapo wima, visigino vimetulia ardhini,
mkono mmoja kiunoni,
anamzuia jogoo:
"Wewe hujafika.
Hupandi."