Muulize Kata

Mwandishi aliniuliza, kalamu imekwisha kuchoka kungoja:
"Mama Verlene, ni haki?"
Mashine ya tatu ilikuwa inakamua. Nikampungia mkono angoje,
ile ikizunguka hata Mungu hasikiki.

Toledo, mwezi wa tatu, theluji imegeuka tope.
Miaka ishirini na sita nafua jezi za timu hii.
Damu naitoa kwa maji baridi. Damu haitaki moto,
moto huifungia ndani ya uzi, isitoke tena.
Natoa na jasho la vijana ambao mzee Stuckey,
jikoni mwake, usiku, mbele ya mkwewe,
aliwaita neno nisilolirudia hapa penye nguo safi.

Jikoni mwake. Hapo ndipo wanapopang'ang'ania wanaomtetea.
Emmett, dereva wa basi la timu, mtu mwema,
hajawahi kuniacha kituoni siku ya barafu, anasema:
"Nani kati yetu hajasema jikoni
jambo ambalo likisikika redioni itabidi ahame mji?"
Nikanyamaza, maana nina dada,
na dada ana mume, Mlebanoni wa mtaa wa kaskazini,
na niliyoyasema juu yake, sufuria likichemka,
sikuyasemea kinasa sauti.
Ningetozwa nini mimi? Sina timu.

Siri ya mtungi, muulize kata. Haya, umekuja kwa kata.

Mwaka mmoja alipita hapa na wageni wake,
akawaonyesha jezi zilizoanikwa,
nne, kumi na moja, thelathini na mbili,
akataja bei ya kila moja, na umri, na magoti,
kama mtu anayetembeza wanunuzi zizini.
Kinasa hakikuwapo. Nilikuwapo mimi,
na mimi sikuhesabiwa kuwa sikio.

Ruthanne wa tiketi aliomba kupandishwa cheo mara tatu.
Alijibiwa kwa barua tatu, zote zina saini yake.
Barua hazikuandikwa jikoni, bwana. Zina nembo ya timu,
zina tarehe. Ruthanne anazo hadi leo kwenye kopo la biskuti.
Hakuna redio iliyozitaka.

Basi ligi ikamtoza faini, ikampiga marufuku uwanjani
mpaka kufa kwake, ikamwamuru auze.
Akauza. Mara kumi na nne ya bei aliyonunulia.
Hiyo iandike polepole, usikosee sifuri:
mtu kachapwa viboko, kaondoka na gunia mgongoni.
Mwenye timu mpya ana tabasamu zuri.
Kufulia tulikuwa wanne, sasa tuko wawili.

Na yule mkwe aliyerekodi, msimvike taji.
Walikuwa wakigombea hisa. Sisi tulikuwa jiwe tu,
lililookotwa kwa kuwa lilikuwa karibu na mkono.

Unaona? Nikisema si haki, nitakuwa namlilia Stuckey,
na chozi hilo sina. Nikisema ni haki,
nitakuwa nimekubali kwamba deni limelipwa.

Usiku ule wa habari, kumi na moja alishuka huku chini.
Kendrix Ambry, miaka ishirini na moja,
mrefu hadi akainamia mlango.
Akaketi sakafuni, mgongo kwenye mashine ya kukaushia,
kwa sababu ina joto, nadhani, na kwa sababu inatetemeka,
na mtu akitetemeka pale haonekani.
Alikaa kitambo. Kisha, bila kuniangalia:

"Ulijua?"

Nikakunja taulo.
Nikakunja lingine.
Nilikunja mpaka kapu likajaa, nikalimwaga,
nikaanza upya.